Kura za Punda

Wanyama wa bonde lile hawakuwa viziwi, na hilo ndilo linaloniudhi. Wote walijua kwamba hakuna anayemfikia ndege Kurumbiza kwa kuimba. Lakini siku ya kumpigia kura mwimbaji bora, Nguchiro alianzisha kamari ya karanga.

"Ukiweka dau kwa Kurumbiza akashinda, nakuongezea karanga moja," alitangaza. "Ukiweka kwa Punda, nakujazia kapu zima."

Kila mmoja akaweka kwa Punda kimyakimya, kisha akampigia kura ili apate kapu. Punda akashinda.

Kima akawahi kudai. "Kapu langu liko wapi?"

"Makapu hujazwa na karanga za walioshindwa," Nguchiro akamjibu, "na leo hakuna aliyeshindwa. Chukueni zenu. Cha juu changu nimeshakikata humo."

Kima akamkimbilia Kurumbiza akifoka. "Tumeibiwa, dada! Na kesho namwoza binti yangu. Njoo utuimbie."

"Mwimbaji bora si mnaye?" Kurumbiza akasema. "Tena umemchagua mwenyewe."

Kesho yake Punda aliimba kutwa nzima, na Kima, kwa kuwaonea haya wakwe, akapiga makofi kila wimbo ulipokwisha.