Zamu ya Bridget

Mama aliisikia habari kwenye basi, akatembea nayo wiki nzima: kwamba katika duka moja la kinyozi huko ughaibuni walikohamia, mtaa wa Peckham, wanaume hugawana watu kwa zamu kila Jumamosi, na binti yake Bridget yumo.

Jumamosi mama akaingia bila hodi. Bridget alikuwa amesimama mbele ya kioo, kalamu ya kuandikia kioo mkononi, wanaume saba wakipiga kelele nyuma yake. Mama akamkamata kifundo cha mkono.

"Mnagawana watu wa kwenda wapi?"

"Hawaendi popote, mama," akasema mzee mwenye povu kidevuni. "Ni wachezaji wa mpira. Kila shabiki anajifanya kocha, anachagua timu yake. Leo ndiyo mara ya kwanza binti kupewa zamu ya kwanza, na ana dakika moja tu ya kuandika jina, la sivyo zamu inampita."

"Kama hawaendi popote, mbona mnapiga kelele?"

"Si anataka kuanza na kipa!" akadakia mwingine. "Nani huanza na kipa?"

Mama akashangaa kweli. "Kwani bila kipa mtafungwa mangapi?"

Wakacheka wote, isipokuwa Bridget. Macho yake yalikuwa kwenye simu iliyokuwa ikihesabu sekunde. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kiganja cha mama, ncha ya kalamu ikigusa kioo bila kuandika.

"Mama, niachilie," akasema, kwa Kiswahili, ambacho hakuwa amemjibu nacho tangu chekechea.

Simu ikalia.

Mwenye binti na aepuke haya:

Kusadiki habari za kwenye basi.

Kumshika mtoto mkono mbele za watu.

Kuuliza maswali wakati saa inahesabu.

Kumwambia, mkiwa njiani kurudi, kwamba ule ulikuwa mchezo tu.