Somo la Kamba

"Mwalimu, hii tumeshaiona jana," mtoto wa dawati la mbele alisema, na wazazi waliojipanga ukutani wakatazamana.

Ilikuwa siku ya somo la wazi, ambalo wazazi na mkaguzi wa elimu huja kulitazama. Mwalimu Pyo alikuwa ameisubiri miaka mitano, maana ndiyo ingempa cheo cha makamu mkuu wa shule. Kabla hajainua karatasi ya pili, darasa zima lilikuwa likimtajia jibu, na mkaguzi akafunga daftari lake.

Somo hilo walikuwa wameliona kwenye Dirisha la Hesabu, ile blogu ambayo nusu ya walimu wa wilaya waliifungua kwenye skrini za madarasani. Ilikuwa na katuni, muziki na sauti ya mashine. Somo lake lilikuwamo hatua kwa hatua, hata mzaha wake wa bibi na keki ya mchele. Alipopekua nyuma alikuta mengine kumi na moja, yote yake, kila moja limewekwa kabla hajalifundisha.

Pyo alimshuku mtu mmoja tu. Maeng, kijana aliyeajiriwa majuzi, ndiye aliyempangia masomo kwenye kompyuta ya darasa, na flashi yake ilishinda mikononi mwa kijana huyo. Pyo ndiye aliyempokea, akampikia, akamfundisha hata namna ya kusimama ubaoni. Iliuma vibaya.

Nyumbani alilia mezani. Mumewe, Baba Seorin, alimsikiliza huku akiosha mchele. Tangu kituo chake cha masomo ya ziada kifungwe, alishinda kwenye kompyuta akitafuta kazi, lakini kwa mkewe hakukosa muda. Kila somo Pyo alilifanyia mazoezi mbele yake, na kila mara angemwomba arudie mahali fulani. Pyo alishapanga kumpeleka kwa daktari wa masikio.

"Mimi ningemshtaki," mumewe alisema. "Ukimwonea haya, kesho atakupanda kichwani."

Barua ya mashtaka mumewe akaichapa mwenyewe, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi.

Mbele ya mkuu wa shule, Maeng aliulizwa mara tatu. Aliinamisha kichwa kama impasavyo mdogo, ambaye hamkanushi mkubwa wake mbele za watu.

"Samahani kwa usumbufu, Mwalimu," ndilo neno pekee alilolitoa.

Pyo akajua amekiri. Wiki hiyohiyo kijana alihamishiwa shule ya kisiwani, na hakuna aliyemsindikiza kivukoni.

Somo lililofuata, la kugawanya kamba ya kurukia, Pyo hakuliweka kwenye flashi wala kuliandika popote. Alilibeba kichwani. Jumapili alilifanyia mazoezi jikoni, na Jumatatu, kabla ya kuanza, akafungua blogu mbele ya watoto ili wote waone kwamba mwizi amenyamaza.

Kulikuwa na somo jipya. Kamba ilicheza kwenye skrini, ikagawanyika vipande vitano, sauti ya mashine ikaeleza kila kipande. Watoto walipiga makofi. Picha ikazimika, lakini aliyeitengeneza alisahau kukata sekunde chache za mwisho. Sufuria ya umeme ikasikika ikiimba kwamba wali umeiva, kisha sauti ya mwanamume, taratibu, yenye upendo.

"Mama Seorin, hebu rudia hapo pa kamba. Sijasikia vizuri."