Jibu la Bibi Stoyanka

Zawena alisafiri kutoka mbali, maana aliambiwa kuwa Bibi Stoyanka, mwuza samaki, ndiye ajuaye nani alivuka mto wa mpakani na nani alizama. Akamwonyesha picha ya mumewe.

“Bibi, huyu alivuka?”

Bibi akaitazama, akainamisha kichwa mara mbili. Zawena akacheka, akambusu mikono yenye magamba.

“Dada,” akasema mwuzaji wa meza ya jirani, akitafuna mbegu za alizeti, “kwetu kuinamisha kichwa ni hapana. Ndiyo yetu ni kutikisa. Nimekuacha ufurahi kidogo.”

Zawena hakuiachia mikono ile.

“Bibi, alivuka?”

Bibi alimtazama machoni kwa muda mrefu. Kisha, taratibu, akaanza kutikisa kichwa, kulia na kushoto, kulia na kushoto.