Usingizi wa Kabla ya Kura

Siku hizi sheria inataka ulale kwanza ndani ya ahadi za mgombea ndipo umpigie kura. Leo asubuhi, kwenye kitanda cha kituo cha kura, nimelala katika ahadi za Bi Mkawasi, yule anayetaka umeme wa upepo na jua, na mkaa upigwe marufuku.

Jamani, kulikuwa kuzuri! Mlima umevaa msitu wake wote. Jikoni kwangu kuta nyeupe, sufuria inachemka bila moshi, na kile kikohozi changu kimekwisha. Nje, kwenye kamba, nguo zangu tu zilikuwa zikipepea polepole, bila hata shati moja la mume wangu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu Mwakio, mchoma mkaa tangu ujana, akinawa masizi mlangoni.

“Haya, Mama Righa, umeota nini?”

“Miti, baba. Miti hadi kileleni.”

“Na mimi? Nilikuwa nafanya kazi gani huko?”

“Ulikuwa umetoka kidogo.”

Akacheka, roho imetulia. “Basi tumpe kura huyo mama.”

Nikapakua chakula, nikaketi, nikaanza kula. Kisha nikainua macho. Mwakio alikuwa ananitazama, mikono imetakata, na mbele yake hapakuwa na sahani.