Gitaa la Baba

Siku hizi kila picha ya marehemu inaruhusiwa kukatwa kitu kimoja kwa kompyuta, na kitu hicho hutokea mezani, cha kushikika. Mtu hatoki. Tumejaribu sote.

Mama alichagua gitaa alilopakata baba pichani, lililoibwa wiki ya msiba.

Hapa Isevya hakuna anayekata picha kunishinda, nami nilimwambia hivyo.

"Punguza majivuno, Kashindye. Angalia vidole vya baba yako."

"Mama, mkono huu haukosei hata unywele."

Sikukosea. Nilifuata ukingo wa kila kidole, nikabonyeza, na gitaa likatua mezani likinukia mafuta ya nywele ya baba. Lakini pale vidole vilipokuwa vimelifunika palikuwa na matundu, kwa kuwa kompyuta hutoa kinachoonekana tu. Mama akatia vidole vyake humo. Akacheka kama bibi harusi.

"Ndivyo alivyokuwa akinifundisha."

Kisha akainua macho ukutani. Kwenye picha ile ile niliyoikata, baba alikuwa bado amekaa kitini, vidole vimekunjwa, amekumbatia hewa.

"Mrudishie."

"Mama, kikishatoka hakirudi."

"Wewe si fundi? Mrudishie mume wangu gitaa lake!"

Nilijaribu mpaka macho yakaniwaka.

Sasa gitaa limeegemezwa ukutani, chini ya picha. Kila asubuhi mama hupima kwa vidole umbali kati ya mikono ya baba na ukingo wa chini wa fremu, na kila asubuhi husema umepungua. Nilimcheka. Leo nimepima mwenyewe, kwa rula.

Umepungua.