Debe la Mama Mbae

Ko. Ko. Ko.

Kiunga alilisikia debe kabla hajaliona bwawa. Akashuka mteremko mbio, akamkuta Mama Mbae ameshaketi nyuma ya mashua ya buluu, kijiti mkononi, macho majini.

“Umechelewa, kijana wa Nkubu,” alisema. “Leo tukishindwa, mimi nimekwisha.”

Hakuwa akitia chumvi. Wenye bwawa walikuwa wametangaza kwamba baada ya leo ni klabu moja tu itakayoruhusiwa kuingia majini: itakayoshinda. Na Klabu ya Makasia ya Embu, tangu mama huyu aianzishe miaka kumi iliyopita, haikuwahi kushinda hata mara moja.

Kiunga alijiunga Januari, na historia hiyo ilimwasha kama upupu. Mwaka wa kwanza mashua ilivuja, wakaokolewa na wapinzani. Mwaka wa korona wote walikimbilia makwao, Mama Mbae akabaki akipiga makasia peke yake. Mwaka jana walifika mwisho watazamaji wameshakula nyama na kwenda zao.

Kosa, machoni pa Kiunga, lilikuwa mazoezi. Kila Jumamosi mama aliwaendesha polepole, huku na huku, kama mtu anayelima shamba, kila wiki kipande kipya. Alichokazania ni majaketi ya kuelea tu. Hayo aliyakagua kila kamba mwenyewe, kisha akarudia.

“Embu!” Mukiri, nahodha wa Meru, alipaza sauti kutoka mashua ya pili. “Mnapiga makasia kama watu waliodondosha shilingi! Leo mtaiokota?”

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Mbae hakukasirika.

“Labda,” alijibu.

Kiunga alimwinamia Ndwiga, mwanachama wa tangu mwanzo, aliyeketi mbele yake. “Huyo Mbae mwenyewe mbona haji kumsaidia mamake? Yuko Nairobi?”

“Yuko huku huku,” Ndwiga alisema. “Shika kasia, bana.”

Kiangazi kilikuwa kimeyala maji nusu. Njia ya kawaida ilibaki tope tupu, kwa hiyo mashindano yalihamishiwa upande wa ukuta wa bwawa, ambako miaka yote ilikuwa marufuku kuingia.

Firimbi ikalia.

Ko-ko-ko-ko! Wapiga makasia huketi wakitazama walikotoka. Mbele huonwa na mgonga debe peke yake. Kiunga aliuona ukingo ukikimbia. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaiona migongo ya watu wa Meru ikihangaika. Ilikuwa nyuma yao!

“Tunawala hao!” alifoka. “Mama, ongeza!”

Viganja vilichubuka. Kifua kilimwaka moto. Hakujali. Alizisikia sauti za watu wa mwisho wa njia, karibu kabisa, zikiita Embu! Embu! na machozi yakamlenga. Miaka kumi ya kuchekwa ilikuwa inafutika. Mvuto mmoja tu, mwingine, mwingine tena.

Debe likanyamaza.

“Mama! Gonga!”

Ndwiga aliinua kasia lake kutoka majini. Wakongwe wengine wawili wakafanya vivyo hivyo, bila kuulizana. Kiunga akavuta peke yake, mashua ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Meru wakawapita kwa kishindo, na vifijo vikabadilisha jina.

“Mmerogwa?” Kiunga alilia kwa hasira. “Si tulikuwa tumeshinda! Haki ya Mungu, tulikuwa tumeshinda! Sasa tumefungiwa maji, mama, tumefungiwa!”

Ndwiga alikuwa amevua kofia. Mama Mbae hakuwa akitazama mbele, wala hakuwatazama Meru waliokuwa wakirukaruka. Alitazama ubavuni, na Kiunga akayafuata macho yake.

Ncha ya mtumbwi mdogo ilikuwa imechomoza juu ya maji, imevaa matope. Palipochubuka tope palionekana rangi, buluu ileile ya mashua yao.

Mama Mbae aliliweka debe chini. Akanyoosha mkono, akaipapasa ile ncha taratibu, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala.

“Mbae, mwanangu,” alisema, “leo nakupeleka nyumbani.”