Koki ya Midomo Miwili

Mwasiti aliuweka mtungi wake wa kuzamia mezani kwa Makame, mwenye duka la vifaa vya wapiga mbizi.

"Nifungie koki ya midomo miwili," alisema. "Mmoja ukigoma, nivute hewa kwa mwingine."

"Kwa kutazama samaki, dada yangu, mmoja unatosha."

"Siendi kutazama samaki. Nakwenda kwenye meli iliyozama. Mume wangu bado yumo ndani. Alishuka na mdomo mmoja, ukamgomea."

Makame aliifungua koki ya zamani. Akaifunga koki mpya, akaujaza mtungi hewa.

"Kule chini hata midomo kumi haitoshi. Jifunze kwanza, mwaka mzima, ndipo ushuke."

"Nitajifunza," alijibu Mwasiti. "Yeye hana haraka tena."

Akaufungua mdomo mmoja, kisha wa pili, akabaki kuisikiliza hewa ikivuma na kupotea.